Vyungu vilivyotoka tanurini vizima: kisa cha udongo wa Pemba kwenye moto wa umeme

Vyombo vilitoka tanurini vizima, na hapo ndipo hesabu ilipowapotea watu. Chungu kikitaka kukuharibikia, kwa kawaida kitakuharibikia motoni: utasikia mlio, utafungua, utakuta vigae. Hivi havikufanya hivyo. Vilitoka vyekundu na vigumu, ukivigonga kwa ukucha vinalia. Vikapangwa mezani, vikapigwa picha, na bakuli kadhaa zikanunuliwa pale pale na mwenye nyumba ya wageni aliyetaka vyombo vya kienyeji vya kuandalia supu. Watu wakaagana kwa furaha.

Wiki iliyofuata zikaanza simu. Bakuli zinatoa vipele. Kwanza panavimba kidogo, halafu kipande cha udongo kadiri ya ukucha wa kidole cha mwisho kinabanduka na kuacha shimo la duara, na katikati ya shimo pana kidoa cheupe. Kesho yake pengine. Keshokutwa pengine tena. Mgeni mmoja alikuta kibanzi ndani ya supu yake. Vyombo vilivyobaki kabatini, ambavyo hakuna aliyevigusa, navyo vilikuwa vinabanduka vivyo hivyo.

Mkutano wa wafinyanzi uliotoa vyombo hivyo ulikuwa mdogo. Wafinyanzi wa studio walitoka Dar es Salaam na Nairobi, wawili watatu walitoka Ulaya, na kinamama walitoka vijiji vya Pemba, watu waliofinyanga tangu usichana wao. Ulifanyika uani kwa watu, nje kidogo ya Chake Chake, kwa nia ya kubadilishana ujuzi. Tanuri la umeme lilivushwa kwa meli. Zamani wazo hilo lisingemjia mtu: mpaka mwaka 2010, kebo ya chini ya bahari ilipofika kutoka Tanga, kisiwa kizima kilitegemea mitambo ya dizeli, na umeme wa namna ile huwezi kuuamini kwa tanuri linalotaka kuwaka mfululizo kwa saa nyingi.

Ratiba inafaa kuitazama, kwa sababu kisa kimeanzia humo. Asubuhi zote walipewa watu wa studio: gurudumu la kufinyangia, uchanganyaji wa glezi, ule mpako unaogeuka kama kioo motoni, na uendeshaji wa tanuri. Bibi mmoja wa kaskazini ya kisiwa, ambaye kila mtu alimwita Bimkubwa, alipewa saa moja ya jioni awaoneshe wageni anavyofinyanga. Na aliwaonesha kweli. Alikaa mkekani, akaweka donge juu ya kigae kikubwa, akalitoboa kwa ngumi ya kulia huku kigae akikizungusha kwa mkono wa kushoto. Kuta zikapanda. Juu akaongeza pindo la udongo alioufikicha ukawa kama kamba, akalishika na ukuta kwa dole gumba, akakwangua nje kwa ganda la kombe na ndani kwa kipande cha kifuu. Mdomo aliulainisha kwa kitambaa kilicholowa, mara moja tu, bila ya kurudia. Watu walipiga makofi. Chungu chake kikawekwa kivulini kikauke pamoja na vingine, na zamu ya tanuri ilipofika kikaingizwa humo humo. Hakuna aliyemuuliza yeye nyumbani kwake anakichomaje.

Udongo nao. Ulinunuliwa kwa kinamama, kutoka bonde la mpunga linalopakana na mikoko. Wao wenyewe wakiutumia huuloweka, huuacha, kisha huukanda kwa miguu na kwa mikono wakitoa kila kinachokwaruza: mizizi, vijiwe, makome, vipande vya kombe. Kazi hiyo haina haraka, watu hupiga soga huku vidole vikitafuta. Kwa mkutano ulihitajika udongo mwingi kwa siku chache, kwa hiyo vijana wakapewa mchi na kinu. Udongo mkavu ukatwangwa, ukachekechwa kwa kipande cha chandarua, ukatiwa maji. Ulionekana safi kuliko ule wa kinamama, na kwa mkono ulikuwa laini zaidi.

Halafu ukachomwa mpaka nyuzijoto 1,000 hivi. Kwa mtu wa studio hilo ni jambo la kila siku: chombo huchomwa mara ya kwanza kwenye joto hilo ili kiwe kigumu cha kushikika lakini bado kinywe glezi.

Vipele vilipoanza, neno la kwanza lililosemwa lilikuwa "udongo mbovu". Lilisemwa kwa simu, bila ya ubaya nadhani, lakini likafika kijijini kama lilivyo. Bonde hilo limetoa vyungu vya kupikia, mitungi na vyetezo tangu bibi zao hawajazaliwa, na leo mtu wa jana anasema ni bovu? Kinamama nao wakajibu kwamba bovu ni tanuri. Kwa muda pande mbili zikawa hazisemezani ila kwa kupitia watu wa kati, nami nikiwa mmoja wao.

Ukivitazama vyombo vyenyewe badala ya kusikiliza lawama, mengi yanajiondoa. Kama tatizo ni unyevu uliobaki ndani ya udongo au hewa iliyofungiwa, chombo kingelipuka tanurini, mwanzoni kabisa, maji yanapogeuka mvuke. Hakiwezi kukaa salama siku nne nje halafu kikumbuke. Kama tatizo ni glezi kutopatana na udongo, ingeharibika glezi, lakini hapa vyombo visivyotiwa glezi navyo vilikuwa na mashimo. Kupoa kwa haraka huleta nyufa ndefu zinazokwenda toka mdomo mpaka kitako, hasa chombo kikipita ghafla kwenye nyuzijoto 573, pale chembe za mchanga zinaposinyaa. Nyufa ndefu hazikuwapo. Kilichobaki ni kile kidoa cheupe, ambacho hakikukosekana chini ya shimo hata moja.

Aliyefungua fundo hakuwa mfinyanzi. Ni fundi mwashi, mtu mzima, maisha yake yote amekarabati nyumba za mawe huko Mji Mkongwe, na siku moja alikuja kumchukua mkewe kwenye kikao cha kulizungumza jambo hili. Akashika bakuli moja, akakwangua kile kidoa kwa ukucha, akakisaga kati ya vidole.

"Hii chokaa," akasema. "Tena ilikuwa haijazimwa."

"Chokaa imeingiaje humu, mzee?" akauliza kijana wa studio.

"Haikuingia. Mmeichoma wenyewe, humo humo ndani."

Mtu wa visiwani hahitaji darasa jambo hili likishasemwa. Nyumba zote za kale za Mji Mkongwe, mji ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimeshikana kwa chokaa, na chokaa yetu hutoka kwenye matumbawe yaliyochomwa. Hupangwa magogo, juu yake mawe, moto ukawaka mpaka ukaisha, kisha mawe yakamwagiwa maji. Hapo jiwe lililokuwa limetulia linapata joto, linapasuka, linavimba, linageuka unga. Mwashi yeyote anajua pia kwamba chokaa isiyozimwa vizuri usiipige ukutani, maana itajizimia huko huko kwa unyevu wa hewa, na ukuta utatoa vipele miezi baadaye.

Sasa kombe na kome ni kitu kile kile kilicho katika tumbawe: kalisiamu kaboneti. Ikipata joto la kama nyuzijoto 700 huanza kuachia hewa ya kaboni dioksidi, na kwenye 900 huwa imekwisha geuka chokaa kali. Chokaa kali ina kiu. Itakunywa maji popote itakapoyapata, hata hewani, na ikishayanywa ujazo wake hukaribia mara mbili. Ikiwa ndani ya gamba la udongo ulioiva, haina pa kwenda ila kulisukuma gamba. Mkutano ulifanyika masika yakikaribia. Hewa yenyewe ilikuwa inatosha.

Na hapa ndipo kinu kilipoharibu. Kombe zima, kidole cha mwanamke aliyezoea hulipata na kulitupa. Ukilitwanga, limekuwa chenga mia. Chenga zile zikisagika ziwe vumbi hazina madhara, kwa kuwa kila moja ni ndogo mno kupasua chochote. Zikiwa kubwa hazipiti kwenye chekecheke. Hatari ni zile za kati, kadiri ya chenga za mchele, na tundu la chandarua linazipitisha bila ya tabu. Udongo uliotwangwa kwa nia ya kuusafisha ndio uliojazwa mbegu za kuuvunja. Mtu mmoja alimwagia siki donge la udongo mkavu uliobaki. Likachemka povu sehemu sehemu, ishara kwamba kaboneti ilikuwamo humo toka mwanzo. Kipimo hicho kingefanyika siku ya kwanza, kwa gharama ya siki ya kachumbari, tusingefika tulipofika.

Lakini kwa nini vyungu vya kinamama, ambavyo lazima baadhi yake vina chenga zilizoponyoka kidoleni, haviharibiki? Hili ndilo swali lililofaa kuulizwa jioni ile ya makofi, na lilipoulizwa hatimaye, watu walikwenda kijijini kwa Bimkubwa kumwona akichoma.

Alianza kwa kuvipasha vyungu, vimepangwa kuzunguka moto mdogo, akivigeuza mpaka vikawa vya moto kushika. Kisha akatandika makumbi na kuni, akavilaza vyungu juu yake midomo ikitazama upande mmoja, akafunika kwa makuti na majani makavu. Moto ukashika kwa nguvu, na wageni wakarudi nyuma kwa joto. Bimkubwa hakurudi. Vyungu vilikuwa vyeusi kwa masizi, halafu masizi yakaanza kuungua, na chini yake ukatokea wekundu wa giza, ule unaouona kwa tabu mchana na vizuri jioni. Alikuwa na mti mrefu mkononi. Akakinyanyua chungu cha kwanza kwa mdomo wake.

"Kikishakuwa chekundu hivi, mwanangu, kitoe. Ukikiacha kikaelekea rangi ya chungwa, hicho si chako tena."

"Kwa nini, Bibi?"

"Ndivyo tulivyokuta."

Mtu mwenye kipimajoto atakwambia wekundu wa giza ni kama nyuzijoto 650 mpaka 750, na rangi ya chungwa ni 950 kwenda juu. Moto wa makumbi nao hauchelewi: unapanda, unakaa kileleni kwa dakika chache, unashuka. Kombe lililo ndani ya ukuta wa chungu halipati joto wala muda wa kugeuka chokaa. Linabaki kombe. Tanuri la umeme lilipanda taratibu, likapita eneo lote la hatari, likasimama pale pale penye madhara makubwa kuliko pengine popote. Lingeendelea mpaka kupita 1,100 hivi, chokaa ingeanza kuungana na udongo na kutulia, lakini udongo mwekundu kama ule, wenye chuma na chokaa ndani yake, hauwezi kubeba joto hilo. Ungelainika ukainama.

Kwa hiyo udongo haukuwa mbovu, na tanuri halikuwa bovu. Mkono ulipewa jioni yake na moto haukupewa hata dakika, kwa sababu wageni walishajua moto ni nini: ni sanduku lenye namba. Kwa Bimkubwa, namna ya kuandaa udongo, unene wa ukuta, makumbi, ile rangi anayoingoja, vyote ni kazi moja. Ukichukua kipande na kuacha kingine umechukua kitu kisichokamilika, japo umekipigia makofi.

Bara letu lina mfano wa kukutana huku kukifanyika kwa subira zaidi. Mwaka 1952 Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya zamani, mji unaoitwa Suleja leo, huko Nigeria. Miaka miwili baadaye akajiunga Ladi Kwali, mwanamke aliyekuwa bingwa wa mitungi ya kufinyanga kwa mkono kabla hajaona gurudumu. Aliendelea kuijenga mitungi yake kwa mkono kama alivyofunzwa nyumbani, lakini kituoni ikatiwa glezi na kuchomwa kwa joto kubwa. Hilo liliwezekana kwa kuwa Cardew alihangaika kutengeneza udongo mwingine unaoubeba moto huo. Moto ulipobadilika, udongo nao ulibadilishwa. Mwaka 1974 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kujifunza kituoni hapo, na kazi zilizomletea jina hadi leo ni za mkono, zimesuguliwa zikang'aa, hazina glezi. Wanigeria wamemweka Ladi Kwali kwenye noti ya naira 20. Watu wengi wa studio wanalijua jina lake na wanaikumbuka picha ya mikono yake. Ile habari ya udongo husahaulika.

Turudi kwenye fedha, maana kisa cha kweli lazima kina fedha. Mwenye nyumba ya wageni alitaka arudishiwe zake, na alikuwa na haki. Waandaaji walipendekeza zirudishwe na kikundi cha kinamama, kwa hoja kwamba vyombo viliuzwa kwa jina lao. Zile fedha zilikuwa zimeshagawanywa; nyingine zimeshakuwa ada ya skuli. Mimi nilisema, na ninarudia, kwamba aliyechagua kutwanga na aliyechagua nyuzijoto 1,000 ndiye alipe. Mwishowe walilipa waandaaji, kutoka kwenye fungu lililokuwa limebaki la chakula. Yule kijana wa studio, sifa yake apewe, alipanda boti kurudi Pemba kwa nauli yake, akaenda mpaka kwa Bimkubwa, akapiga goti, akatoa shikamoo, akasema lile neno la udongo mbovu limemtoka kabla hajajua. Bimkubwa alimwitikia marahaba na akampa udongo wa kubeba. Nadhani hapo ndipo kubadilishana ujuzi kulipoanza.

Udongo uliobaki ulijaribiwa. Sehemu moja iliyeyushwa iwe uji na kuchujwa kwa kipande cha ushungi wa shifoni, kitambaa chenye matundu madogo sana kuliko chandarua. Hiyo ilichomwa kwa umeme mpaka joto lile lile na ikatulia, isipokuwa ilipoteza mchanga wake. Udongo usio na mchanga wala chenga ni mtamu kwenye gurudumu, lakini ukiufanya chungu cha jikoni haupendi moto wa ghafla.

Sehemu ya pili ilikandwa kwa maji ya bahari. Hili lilitokana na jambo linalojulikana kwa wafinyanzi wa nchi nyingi zenye udongo wa chokaa, kwamba chumvi kidogo huzuia vipele, na hesabu yake inapendeza: lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na kilo kumi za udongo mkavu zikinywa lita tatu zinapata kama gramu 105, yaani takriban asilimia moja, ambayo ndiyo inayohitajika. Vyombo havikubanduka. Vilipokauka vilitoa ukungu mweupe wa chumvi juu, na mwenye tanuri akakataa kuurudia mtindo huo, kwani mvuke wa chumvi hula waya za tanuri la umeme. Kwa moto wa kuni pingamizi hilo halipo.

Ya tatu ilikuwa ya kutumbukiza chombo kwenye ndoo ya maji kingali na joto la tanuri, chokaa ijizime mara moja kwa wingi wa maji badala ya kujizima polepole kwa hewa. Mafundi wa matofali huifanya hiyo. Vyombo vinene vilivumilia, vyembamba vikapasuka, na kusema kweli sikuona mtu aliyeipenda.

Iliyochomwa kwa makumbi na Bimkubwa, kwa udongo ule ule uliotwangwa, haikutoa kipele hata kimoja, mpaka vyombo vikakaa masika yote barazani.

Kikundi kimeamua hivi. Vyungu vya kupikia na vyetezo vinabaki kwenye moto wa makumbi, kwani chetezo kinabeba kaa la moto na kinataka mwili wenye vinyweleo unaovumilia joto la upande mmoja. Tanuri, ambalo waandaaji waliliacha Pemba, linatumika kwa vitu vidogo vya udongo uliochujwa: shanga, vibao vya namba za milango, vikombe vya glezi. Kuchuja kunachosha, kwa hiyo bei ya vikombe ni juu, na wanunuzi wanalalamika. Mwenye nyumba ya wageni amerudi kuulizia bakuli za supu. Ameambiwa zipo, kwa bei mpya, baada ya Idi.